Mazoezi ya Nguvu kwa Watoto Wadogo wa Mombasa

Mtu akishuka Ngazi za Leven, katika Mji wa Kale wa Mombasa, wakati maji yamejaa, aghalabu atawakuta watoto wa kiume wakijirusha baharini. Mmoja hupiga mbizi, mwingine humfuata, kisha wote huogelea hadi ukingoni, hujivuta juu ya mawe kwa mikono, hupanda ngazi mbio na kujirusha tena. Mchezo huo waweza kuendelea saa nzima. Hapana mwalimu wala filimbi, na mtoto akiulizwa anafanya nini atajibu kwamba anaoga tu. Walakini mtu ajuaye kazi za mwili wa binadamu, akiwatazama, ataona kwamba watoto hao wanafanya zoezi la nguvu na zoezi la kustahimili kwa pamoja, tena kwa utaratibu ulio bora kuliko mipango mingi iliyoandikwa na watu wazima.

Jambo hili la kuzoeza miili ya watoto ambao hawajabaleghe, yaani wale wenye umri wa miaka 6 mpaka 11 au 12, huleta mabishano katika nyumba nyingi kisiwani. Baba mmoja husema kwamba mtoto akiinua kitu kizito atadumaa, asirefuke tena. Kwa hiyo humkataza hata kuning'inia kwenye tawi la mwembe. Baba mwingine, aliyepata kucheza mpira ujanani mwake, humwamsha mwanawe wa miaka 8 alfajiri na kumkimbiza kutoka Makadara hadi Mama Ngina na kurudi, kana kwamba ni askari mpya, maana ataka awe mchezaji mashuhuri. Baba wa kwanza amekosa, na wa pili amekosa zaidi.

Madaktari walivyobadili shauri lao

Si wazee wa mitaani peke yao waliodhani kwamba mazoezi ya nguvu hayamfai mtoto. Mwaka 1983 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa taarifa kwamba mtoto asiyebaleghe hawezi kupata faida kubwa ya nguvu kwa kuinua vyuma, kwa sababu mwili wake haujapata bado kiasi cha kutosha cha homoni zile zinazokuza misuli ya mwanamume. Maneno hayo yalionekana kuwa ya busara. Kila mtu ameona jinsi kijana anavyopanuka mabega akiisha kubaleghe, na jinsi mtoto wa miaka 9 anavyobaki mwembamba hata akicheza kutwa nzima.

Lakini mwaka 1990 zilitolewa habari za jaribio lililofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada. Walichukuliwa wavulana 13 wenye umri wa miaka 9 mpaka 11, wakafanya mazoezi ya vyuma mara 3 kila juma kwa muda wa majuma 20, na wengine 13 wa umri huo huo wakaachwa bila mazoezi hayo ili walinganishwe nao. Mwisho wa majuma hayo, uzito ambao wale wa kwanza waliweza kuusukuma kwa mikono ulikuwa umeongezeka kwa 35 kwa mia, na ule wa kusukuma kwa miguu kwa 22 kwa mia. Hayo si maongezeo madogo. Jambo la ajabu lilionekana picha za ndani ya mikono na mapaja yao zilipopigwa kwa mashine: misuli haikuwa imenenepa kwa kiasi cha kutajika. Nguvu imeongezeka, na nyama ni ile ile. Imetoka wapi?

Imetoka katika ubongo na mishipa ya fahamu. Msuli mmoja wa mwili umefanywa kwa nyuzi nyingi sana, na kila fungu la nyuzi hungoja amri yake. Kwa mtoto ambaye hajazoezwa, amri hizo huja kwa fujo: nyuzi nyingine hazisikii kabisa, nyingine huchelewa, na msuli wa upande wa pili huvuta kinyume. Mfano wake ni mashua yenye wapiga makasia 10 wasiojuana. Kila mmoja hupiga kwa wakati wake, makasia hugongana, na chombo hakiendi. Wakikaa pamoja siku kadha wa kadha wakajifunza kupiga kwa sauti moja, mashua itakwenda mbio, ingawa hakuongezwa mtu hata mmoja. Hivyo ndivyo mtoto apatavyo nguvu kabla ya kubaleghe. Akiisha kubaleghe ndipo wapiga makasia wenyewe huanza kunenepa.

Mtu akilifahamu jambo hilo ataona kwamba mengi ya zamani hayana budi kubadilika. Kwanza, hapana maana ya mzazi kuupima mkono wa mwanawe kila juma na kusikitika kwamba haujanenepa. Pili, kwa kuwa kinachofundishwa ni ubongo, namna ya kufanya zoezi ni muhimu kuliko uzito. Mtoto aliyejifunza kuchuchumaa na kuinuka sawasawa, mgongo umenyoka na visigino havikuondoka chini, amepata faida kuliko yule aliyeinua mzigo mkubwa huku amepinda kama ndoana. Tena nguvu hiyo huondoka upesi mazoezi yakiachwa. Ndiyo sababu mwalimu awezaye kuwazoeza watoto kidogo kidogo muhula mzima ni bora kuliko yule anayewachosha majuma mawili kabla ya mashindano, kisha akawasahau.

Chama kile kile cha madaktari wa Marekani kiligeuza shauri lake kadiri habari zilivyozidi kupatikana, na taarifa yake ya mwaka 2020 yasema wazi kwamba mazoezi ya nguvu yawafaa watoto, maadamu yanasimamiwa na mtu mzima ajuaye kazi hiyo.

Juu ya kudumaa

Hofu ya kudumaa haikuzuka bure. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto mna sehemu laini ambazo hazijawa mfupa kamili, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Sehemu hizo zikivunjika vibaya, kiungo chaweza kukua kombo au kupungua urefu. Lakini kwa mazoezi ya kiasi, yenye mafundisho mazuri, haijaonekana kwamba mtoto hudumaa. Wanaodumaa kwa wingi ni wale waliokosa chakula cha kutosha, au walioandamwa na maradhi ya tumbo tangu uchanga, na hao hawakugusa chuma cho chote.

Hatari ya kweli iko mahali pengine. Iko katika kushindana kuinua mzigo mkubwa kabisa kwa mara moja, jambo ambalo wavulana wakiachwa peke yao hawakosi kulifanya. Iko pia katika kurudia tendo lile lile kila siku bila kupumzika. Mtoto anayekimbia sana juu ya ardhi ngumu huweza kupata maumivu ya kisigino, na anayeruka na kupiga mpira kupita kiasi huumia chini kidogo ya goti, mahali ambapo mshipa mnene hushikamana na mfupa ambao bado ni laini. Wazazi wengi huyaita maumivu hayo uvivu. Nchini Marekani, ambako watoto hucheza besiboli kwa wingi, mikono ya warushaji wadogo iliharibika hata chama cha mchezo huo cha watoto, Little League, kikaweka sheria mwaka 2007 ya kuhesabu mitupo: mtoto wa miaka 9 au 10 haruhusiwi kutupa zaidi ya mara 75 kwa siku moja, na baada ya kutupa sana sharti apumzike siku kadhaa. Basi hata katika nchi inayopenda ushindi kupita zote, walilazimika kukubali kwamba bega la mtoto si bega la mtu mzima.

Hapa Mombasa halipo jambo la besiboli, lakini lipo la dumu. Maji ya bomba yakikatika, jambo ambalo halikuanza jana ingawa bomba kubwa la kutoka chemchemi za Mzima lilikamilika mwaka 1957, watoto ndio wanaotumwa. Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20, mbali na uzito wa chombo chenyewe. Mtoto wa miaka 9 aliyelishwa vizuri ana uzito wa kilo 28 hivi. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu: ni kama kumwambia hamali mwenye kilo 70 achukue kilo 50 kwa mkono mmoja, apande nazo ngazi za nyumba ya ghorofa mbili, tena arudi kuchukua nyingine. Mzee atasema kwamba yeye alifanya hivyo utotoni, na ndiyo maana ana nguvu. Huenda ni kweli. Lakini wale walioumia migongo hawapo barazani kusimulia.

Yafaa watu wajue tofauti iliyopo baina ya zoezi na kazi. Zoezi hukoma mtoto anapochoka. Kazi hukoma inapokwisha. Zoezi huanza na uzito mdogo na kupanda kidogo kidogo, pengine sehemu 5 au 10 kwa mia, baada ya mtoto kuuzoea ule wa kwanza. Lakini dumu halina lita 5 leo na lita 6 juma lijalo. Zoezi hugawanya nguvu pande zote mbili za mwili. Dumu huvuta bega moja. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yakataza kumwajiri mtoto ambaye hajafika miaka 13, na mwenye miaka 13 mpaka 16 aruhusiwa kazi nyepesi tu. Sheria hiyo haiingii jikoni mwa mtu. Lakini dumu la lita 5 linauzwa madukani, na mtoto aweza kuchukua mawili, moja kila mkono, akafika nyumbani amenyoka.

Pumzi ya mtoto na joto la pwani

Sasa turudi kwa yule baba wa alfajiri. Yeye hudhani kwamba mapafu na moyo wa mtoto ni kama ngoma mpya, ukivamba zaidi italia zaidi. Wataalamu waliopima kustahimili kwa watoto wameona jambo jingine. Mtoto mwenye afya, kwa kadiri ya uzito wake, tayari ana pumzi nzuri hata bila kufundishwa, na mazoezi ya miezi michache huiongeza kidogo tu, mara nyingi sehemu 5 au 6 kwa mia. Mtu mzima asiyezoea hupata zaidi ya hiyo kwa mazoezi kama hayo. Mwaka 2018 wataalamu wa Ufaransa na Australia walitangaza habari za jaribio ambalo wavulana wa miaka 8 mpaka 12 waliendeshwa baiskeli zisizokwenda, pamoja na watu wazima wasio wanamichezo, na wanamichezo hodari wa mashindano ya kustahimili. Watoto walichoka polepole na kupata nafuu upesi kama wale wanamichezo hodari. Mama ye yote wa Kibokoni aliyejaribu kumlaza mwanawe baada ya chakula cha mchana angeweza kuwaambia habari hiyo bila baiskeli.

Kwa hiyo kumkimbiza mtoto kilomita nyingi kila siku ni kama kumimina maji katika mtungi uliojaa. Kinachomwagika ni hamu yake. Wengi waliosukumwa sana wakiwa na miaka 8 huuchukia mchezo kabla ya kufika 15, wakati ule hasa ambapo mwili ungeanza kuitikia mazoezi sawasawa. Wengine hutoa mfano wa wakimbiaji wa Bonde la Ufa, ambao baadhi yao walikwenda shuleni mbio utotoni. Mfano huo ni mzuri, ila usomwe wote: wale walikimbia kwa sababu shule ilikuwa mbali na kengele ilikuwa karibu kulia, hapakuwa na baba nyuma mwenye saa mkononi. Tena walikuwa katika nchi ya baridi.

Habari ya joto yahitaji kutiwa moyoni na kila mwalimu wa Mombasa. Tarehe 24 Machi, mwaka 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanywa katika uwanja wa gofu wa Mombasa, pale kandokando ya bahari. Walikuja wakimbiaji bora kabisa ulimwenguni. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu ya wanaume miaka 5 mfululizo tangu 2002, aliongoza akitazamiwa kushinda tena. Lakini joto na unyevu wa hewa vilimshinda, akaacha mbio katika mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ushindi. Si yeye peke yake aliyeshindwa kumaliza. Ikiwa mtu mzima wa namna ile alisimamishwa na hewa ya Mombasa katika kilomita 12, mtoto wa darasa la pili asiachwe uwanjani saa 8 mchana katika mwezi wa Februari.

Zamani ilidhaniwa kwamba watoto hawawezi kabisa kuvumilia joto kama watu wazima, kwa sababu hutoka jasho kidogo. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba mtoto aliyekunywa maji ya kutosha na kupumzishwa mara kwa mara huvumilia vizuri. Shida ni kwamba mtoto akinogewa na mchezo hasikii kiu, na mara nyingi mwalimu pia husahau. Asubuhi kabla jua halijapanda, au baada ya Alasiri upepo wa bahari unapovuma, ndizo saa zinazofaa. Na chombo cha maji kiwe pale pale uwanjani, si ofisini kwa mwalimu mkuu.

Kamba ya wasichana

Mpaka hapa mazungumzo yamekuwa ya wavulana, na huo ndio upungufu wa mazungumzo mengi juu ya jambo hili. Msichana wa Mji wa Kale, akifika miaka 9 au 10, mara nyingi huanza kuitwa ndani. Ndugu yake huenda baharini na Makadara; yeye hubaki na kazi za nyumbani na masomo ya chuoni. Hata hivyo yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi, na sababu yake imo ndani ya mifupa.

Mfupa hujenga akiba yake utotoni na katika miaka ya kubaleghe. Akiba hiyo ndiyo mtu anayokula uzeeni, na wanawake hupungukiwa mapema kuliko wanaume. Ndiyo maana bibi wengi huvunjika nyonga kwa kuteleza kidogo tu msalani. Mwaka 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, walieleza jinsi walivyowarusha watoto wa kike na wa kiume, wenye umri wa miaka 6 mpaka 10 hivi, kutoka juu ya masanduku yenye kimo cha sentimeta 61. Kila mtoto aliruka mara 100 kwa miguu miwili, mara 3 kila juma, kwa muda wa miezi 7. Walipopimwa, shingo ya mfupa wa paja ilikuwa imezidi ya watoto wengine kwa 4.5 kwa mia, na mifupa ya kiunoni kwa 3.1 kwa mia. Zoezi lenyewe lilichukua dakika chache tu.

Masanduku hayahitajiki. Kamba ipo. Wasichana wa pwani wameruka kamba na kucheza rede tangu zamani, na uani pa nyumba yo yote ya Mji wa Kale panatosha. Katika rede, msichana wa katikati hukwepa mpira kwa kuruka, kuinama na kugeuka ghafula, na kila aangukapo kwa miguu yake mfupa hupata habari kwamba unahitajiwa kuwa imara. Mama anayewakemea binti zake kwa kelele za kamba wakati wa jioni angefikiri pia juu ya nyonga zao za miaka 60 ijayo.

Utaratibu unaofaa

Shirika la Afya la Dunia, katika maagizo yake ya mwaka 2020, lilisema kwamba mtoto wa miaka 5 mpaka 17 yapasa atumie mwili wake kwa bidii, kwa wastani, dakika 60 kila siku, na walau siku 3 katika juma ziwe na mambo yanayoimarisha misuli na mifupa. Kwa mtoto anayetoka shuleni kisha akaenda chuoni, dakika hizo 60 hazipatikani kwa urahisi. Lakini si lazima ziwe mfululizo.

Mwalimu mwenye watoto 40 na uwanja mmoja hahitaji vyuma. Kamba nene ya jahazi yatosha kwa kuvutana, nao wote watavuta kwa mikono, migongo na miguu bila kuambiwa. Kuna kutembea kwa mikono huku mwenzake amemshika miguu. Kuna kuinuka kwa mikono kutoka chini, na kuning'inia juu ya mti. Akitaka mizigo, mfuko wa kilo 2 wa unga, ukijazwa mchanga na kushonwa vizuri, ni mzigo mzuri wa kuanzia. Mtoto ainue mara 8 mpaka 15 bila kuharibu mwendo. Akishindwa kufika 8, mzigo ni mzito. Siku 2 au 3 katika juma zatosha, na kati ya siku na siku apumzike. Anayeweza kusikiliza na kufuata maagizo, kwa kawaida tangu miaka 7 au 8, aweza kuanza. Mwalimu asiondoke. Ajali nyingi hutokea wakati mtu mzima amekwenda kunywa chai.

Na wale wa ngazini wasifukuzwe, bali wapate mtu mzima wa kuwatazama, ajuaye kuogelea na ajuaye maji yanakupwa saa ngapi. Mtoto aliyejirusha kichwa mbele mahali palipokuwa na kina asubuhi aweza kukuta mwamba jioni.

Mwezi wa Ramadhani watoto wengi hujifunza kufunga, wengine nusu siku, wengine siku nzima wakiona fahari. Katika mwezi huo mazoezi mazito yasitiwe mchana. Baada ya futari na Tarawehe watoto hucheza wenyewe katika vichochoro hata usiku, na hayo yatosha. Ikifika Idd, Makadara hujaa bembea na wauzaji wa vitu vya kila namna, wala hapana nafasi hata ya kunyosha kamba. Mwalimu akubali kupoteza juma hilo, kisha aanze tena na mfuko ule mdogo wa kwanza, maana nguvu nyingine zitakuwa zimekwisha kuondoka.